ASKOFU JAMES HANNINGTON: MTAMBUZI WA KUVUMWANI ALIYEPITA BUSIA

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Methali hii fupi ndiyo itakayotuongoza katika kuyatazama maisha ya mtu ambaye jina lake hutajwa sana makanisani na katika vitabu vya historia ya Afrika Mashariki, ilhali upande mmoja wa maisha yake haujulikani na wengi. Mtu huyo ni James Hannington, askofu wa kwanza wa Kianglikana wa dayosisi iliyoitwa Afrika Mashariki ya Ikweta, aliyeuawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885. Wengi wanamjua kama askofu aliyeuawa. Wachache wanamjua kama mtu aliyeinama mbele ya mawe yenye unyevu na magome ya miti, akitafuta kuvumwani.

Sisi tuliokulia pande za mpakani tuna sababu yetu ya kumkumbuka. Katika majuma ya mwisho ya uhai wake Hannington alitoka Mumias, pahali palipoitwa Kwa Sundu wakati huo, akaelekea magharibi hadi Ziwa Viktoria na kuingia Busoga. Hakuna njia ya kutoka Mumias hadi Busoga kandokando ya ziwa isiyopita katika nchi ambayo leo ni Kaunti ya Busia. Aghalabu tunapofundishwa habari zake tunaanzia Mumias na kurukia Busoga, kana kwamba nchi ya katikati ilikuwa tupu. Makala haya yanakusudia kuyasimulia maisha yake kwa ufupi, na kuonyesha kuwa katika elimu ya mimea alijua jambo ambalo katika njia ya Busoga hakulitekeleza: kwamba anayekwenda ugenini humhitaji mwenzake wa kumwambia alichokiona ni nini.

Kijana wa Hurstpierpoint

James Hannington alizaliwa tarehe 3 Septemba 1847 katika kijiji cha Hurstpierpoint, jimbo la Sussex, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mfanyabiashara aliyemiliki duka kubwa katika mji wa Brighton, ulio umbali mfupi kutoka kijijini. James alikuwa mtoto mtundu. Shuleni wenzake walimpa lakabu ya Jim Mwendawazimu. Siku moja alijaribu kukiangamiza kiota cha nyigu kwa baruti aliyoitengeneza mwenyewe. Baruti ikamlipukia mkononi, na kidole gumba chake cha kushoto kikalazimika kukatwa. Alama hiyo alikuwa nayo hadi kifo.

Alipotimiza miaka 15 aliacha shule na kuingia katika ofisi ya biashara ya babake. Kazi hiyo hakuipenda. Alichopenda ni kutembea, kusafiri kwa mashua, na kukusanya vitu: wadudu, kombe, mawe na mimea. Mwaka 1868 alijiunga na Chuo Kikuu cha Oxford ili kujiandaa kwa kazi ya kanisa, na mwaka 1874 akapata daraja ya ushemasi. Alitumwa kuhudumu katika vijiji vya Martinhoe na Trentishoe huko Devon, mahali penye majabali marefu yanayoinuka kutoka baharini. Humo alipata ibada na mimea kwa pamoja. Aliwatembelea waumini wake juu ya farasi, na alipopata nafasi aliteremka majabalini kuchunguza mapango. Mwaka 1875 alirudi Hurstpierpoint kuwa kasisi wa kanisa dogo lililojengwa na familia yake. Mwaka 1877 alimwoa Blanche Hankin-Turvin.

Jirani Asiyesafiri

Hapa hatuna budi kumtaja mtu wa pili katika kisa hiki. Katika kijiji hichohicho cha Hurstpierpoint aliishi muuza dawa aitwaye William Mitten, aliyezaliwa mwaka 1819. Mitten hakuwa tajiri wala hakuwa msafiri. Hata hivyo, katika elimu ya kuvumwani alikuwa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa dunia ya wakati wake. Wasafiri waliokusanya kuvumwani katika milima ya Himalaya na misitu ya Amerika ya Kusini walimpelekea vifurushi vyao. Yeye aliketi kijijini na hadubini yake, akivipambanua kimoja kimoja na kuvipa majina. Binti yake Annie aliolewa mwaka 1866 na Alfred Russel Wallace, mwanasayansi aliyeifikia nadharia ya uteuzi wa asili sawa na Charles Darwin.

Ni vyema kueleza ugumu wa kazi hii. Mpopi wa mwituni, ule unaochanua mekundu katika mashamba ya ngano ya Ulaya, humwita mpita njia kwa rangi yake. Mtu huuona akiwa mbali, naye hudhani amekwisha kuutambua. Lakini mipopi miekundu ni ya aina kadhaa, na petali zake hudondoka upesi. Mtambuzi makini hungoja tumba la mbegu, akatazama kama ni la duara au ni refu, laini au lenye manyoya magumu. Ikiwa ua lenye rangi kali kiasi hicho humpotosha mtu, sembuse kuvumwani? Kwa kuvumwani tunamaanisha mimea midogo ya kijani, isiyo na maua wala mizizi ya kweli, inayotandaa juu ya mawe, magogo na kuta zenye unyevu. Kwa macho matupu aina kumi huonekana kuwa moja. Tofauti zao zimo katika umbo la jani lisilozidi ukucha, na katika kijikasha cha vumbi la uzazi kinachosimama juu ya kikonyo chembamba kama uzi.

Kwa hiyo kazi ya kutambua kuvumwani ilikuwa ya watu wawili. Mmoja alikwenda, akaona, akachuma, akakausha na kuandika mahali alipochuma. Mwingine alibaki, akalinganisha na kuamua. Aliyekwenda hakuona aibu kungoja neno la aliyebaki. Hannington aliielewa kanuni hii barabara.

Safari ya Kwanza

Mnamo Desemba 1877 wamisionari wawili Waingereza, Shergold Smith na Thomas O'Neill, waliuawa Ukerewe, kusini mwa Ziwa Viktoria. Habari hizo zilimgusa sana Hannington. Hatimaye alijitolea, na tarehe 17 Mei 1882 aliondoka Uingereza akiongoza kundi la wamisionari waliokuwa wakielekea Buganda. Walipitia Unguja, wakavuka hadi Saadani, wakapanda Mpwapwa, wakafika Uyui karibu na Tabora, kisha wakaelekea kusini mwa ziwa.

Safari ilimwelemea. Alishikwa na homa na ugonjwa wa kuhara damu, akabebwa kwa machela, na mara kadhaa wenzake walidhani amekufa. Hata hivyo, kila alipoweza kusimama alitoka kando ya msafara kuchuma mimea na kunasa wadudu. Ushupavu wake wa utotoni haukumtoka. Siku moja alimpiga risasi mwanasimba, na mara simba wawili wakubwa wakamtokea. Hannington hakukimbia. Alipiga makelele na kutikisa mikono mpaka simba wakasita, naye akaondoka pole pole. Baadaye alirudi kumchukua yule mtoto. Kisa hiki kinatufaa baadaye, maana kinaonyesha jinsi alivyozoea kufaulu kwa kuthubutu.

Buganda hakufika. Afya yake ilimlazimu kurudi nyumbani, naye akawasili Uingereza Juni 1883. Wapwa na binamu zake wadogo walipata barua zake zenye vichekesho na michoro ya mkono wake, ambazo zilichapishwa kuwa kitabu baada ya kifo chake.

Askofu na Njia Mpya

Tarehe 24 Juni 1884 Hannington alitawazwa kuwa askofu. Tarehe 24 Januari 1885 alifika Mombasa na kukaa Frere Town, makao ya watumwa waliokombolewa. Mwezi wa Machi alikwenda Taita na Uchaga, chini ya mlima Kilimanjaro. Kwa mpenda kuvumwani, misitu ya Kilimanjaro yenye ukungu ilikuwa hazina, naye akachuma vielelezo vingi. Tarehe 31 Mei aliwapa ushemasi William Jones na Ishmael Semler, Waafrika waliowahi kuwa watumwa, wakakombolewa na kusomeshwa Bara Hindi.

Wakati huo palikuwa na njia mpya iliyozungumzwa sana. Mwaka 1883 Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti aliyekuwa naye mkusanyaji wa mimea, alipita Umasaini akafika Kwa Sundu. Kutoka hapo alisonga hadi Samia, na tarehe 10 Desemba 1883 akafika ufukweni mwa Ziwa Viktoria. Alikuwa amebakiza mwendo mfupi tu kufika Busoga na mto Nile. Hata hivyo, alirudi nyuma. Alikuwa na homa, na alikuwa amesikia ya kutosha kuhusu hatari iliyokuwa mbele yake.

Hannington aliiona njia hii kuwa fupi na yenye hewa nzuri kuliko ile ya Tabora iliyokaribia kumuua. Tarehe 23 Julai 1885 aliondoka Rabai akiwa na wapagazi wapatao 200 na shemasi William Jones. Walipita Ukambani, Ukikuyu, Naivasha na Baringo. Ziwa ambalo sasa tunaliita Bogoria lilijulikana kwa miaka mingi kama Ziwa Hannington kwa ajili ya safari hiyo. Mwanzoni mwa Oktoba waliwasili Kwa Sundu.

Kupita Busia

Kwa Sundu ndipo uamuzi mkubwa ulipofanyika. Hannington aligawanya msafara. Alimwacha Jones na watu wapatao 150, naye akachukua 50. Tarehe 12 Oktoba 1885 waliondoka kuelekea magharibi. Kitendo cha kuwaacha wengi nyuma kinaonyesha kuwa hakuwa mjinga wa hatari. Alijua kuwa mbele palikuwa na mashaka, lakini hakujua mashaka yenyewe ni yapi.

Nchi waliyoipita tunaijua. Ni nchi ya mto Nzoia na mto Sio, ya vinamasi vya mafunjo, ya vilima vya Samia ambako mafundi walifua majembe kwa chuma cha kwao. Ni nchi ya Wasamia, Wakhayo, Wamarachi na, upande wa Malaba, Wateso. Hapakuwa na Kenya wala Uganda kwa maana ya sasa. Hata baada ya ukoloni kuingia, sehemu hizi zilihesabiwa kuwa za Uganda hadi mwaka 1902, serikali ya Uingereza ilipoyahamishia majimbo ya mashariki ya Uganda katika himaya jirani.

Leo anayesimama Malaba huona malori yaliyopanga foleni na reli inayovuka kuingia Uganda. Anayesimama Busia huwaona wenye pikipiki wakiwaita abiria kwa biashara ile ambayo jina lake, bodaboda, inaaminika kuwa lilizaliwa papa hapa mpakani enzi za baiskeli. Anayevusha miche au mbegu huulizwa cheti cha afya ya mimea, na wakaguzi wapo Busia na Malaba kwa kazi hiyo. Mwaka 1885 mambo yalikuwa kinyume. Mmea haukuwa na wa kuuulizia. Aliyeulizwa ni mgeni, na swali lilikuwa moja: umepitia njia gani?

Kwa watawala wa Buganda, Busoga ilikuwa mlango wa nyuma wa nchi yao. Wageni walitazamiwa kuja kutoka kusini kwa mitumbwi, ambako walionekana mapema na kudhibitiwa. Inasimuliwa pia kuwa palikuwa na imani kwamba watakaoiteka Buganda watatokea mashariki. Fauka ya hayo, Kabaka Mwanga alikuwa kijana aliyekuwa amerithi kiti Oktoba 1884 baada ya kifo cha Mutesa. Mwaka 1885 habari zilimfikia kuwa Wajerumani walikuwa wakitwaa nchi za bara ya Tanganyika na kwamba manowari zao zilimtishia Sultani Barghash huko Unguja. Mzungu mwenye cheo, anayetokea mashariki na watu 50, hakuonekana kuwa mtu wa ibada.

Wamisionari waliokuwa Buganda, akiwemo Alexander Mackay, waliyajua haya yote. Walitazamia kuwa askofu angefika ufukweni upande wa Kavirondo na kuvuka kwa mashua. Jitihada zao za kumzuia asiingie Busoga kwa miguu hazikumfikia kwa wakati. Huku Hannington, mtu aliyeweza kungoja miezi na miaka ili aambiwe jina la kijimea kimoja, hakungoja Kwa Sundu wala Samia mpaka neno la wenyeji wa njia limfikie.

Siku Nane kwa Luba

Tarehe 21 Oktoba msafara ulifika katika nchi ya Luba, chifu aliyekuwa chini ya mamlaka ya Buganda. Baadhi ya wapagazi walikuwa wameanza kushuku kama mto Nile upo kweli. Hannington alikuwa ameuona kwa mbali, akaomba ruhusa ya kwenda kuutazama, akanyimwa. Baadaye alitoka na msimamizi wa wapagazi kwenda mahali palipokuwa karibu, ili amwonyeshe. Mtu mmoja alijifanya kumwongoza penye mandhari bora zaidi. Ghafla wanaume wapatao 20 walimrukia, wakamwangusha na kumburura hadi kizuizini.

Alifungwa kwa muda wa siku nane, akiwa na homa, katika nyumba chafu iliyojaa panya na wadudu. Aliendelea kuandika shajara yake kila siku hadi siku ya mwisho. Wajumbe walikuwa wamepelekwa kwa Mwanga, na jibu liliporudi lilikuwa amri ya kuua. Tarehe 29 Oktoba 1885 Hannington aliuawa, naye alikuwa na umri wa miaka 38. Wapagazi wake waliuawa pamoja naye. Walionusurika hawakuzidi wachache, na hesabu inayotajwa mara nyingi ni wanne.

Jones alingoja Kwa Sundu mpaka habari zikathibitika, kisha akawaongoza waliosalia kurudi pwani. Walifika Rabai Februari 1886. Shajara ya askofu ilipatikana na kuchapishwa. Mabaki yake yalizikwa Namirembe, Kampala, tarehe 31 Desemba 1892. Ama kuhusu Mwanga, hofu yake haikuwa ya bure. Mwaka 1894 Uganda ilitangazwa kuwa himaya ya Uingereza, naye alifia uhamishoni Ushelisheli mwaka 1903.

Kilichorudi Nyumbani

Mtu hakurudi Hurstpierpoint, lakini kuvumwani zilirudi. Mwaka 1886 William Mitten alichapisha katika jarida la Chama cha Linnaeus cha London maelezo ya kuvumwani na jamaa zake zilizokusanywa na marehemu askofu katika Afrika. Humo alizieleza aina kadhaa ambazo hazikuwa na jina katika sayansi. Jirani alimaliza kazi ya jirani. Mitten alifariki mwaka 1906, na mkusanyiko wake mkubwa ukahamishiwa katika Bustani ya Mimea ya New York.

Kuna upungufu katika kumbukumbu hizo ambao wanafunzi wa Kiswahili hatupaswi kuunyamazia. Lugha ya misafara ilikuwa Kiswahili. Wapagazi walilala juu ya majani yaleyale, walijitibu kwa mizizi yaleyale, na bila shaka waliita mimea mingi kwa majina. Majina hayo hayamo katika vielelezo. Hata majina yao wenyewe, kwa sehemu kubwa, hayatajwi. Kanuni ya watu wawili iliyomfaa Hannington ilimhesabu aliyekwenda na aliyebaki Uingereza. Haikumhesabu mwenyeji wa mahali. Kosa hilo ndilo lililojirudia njiani. Mwenyeji wa mahali ndiye pekee aliyeweza kumwambia kwamba njia ya mashariki haikuwa njia tu, bali mlango wa nyuma.

Hitimisho

Tumemwona Hannington kama mtoto wa baruti, kasisi wa majabalini, mkusanyaji wa kuvumwani na askofu. Si haki kumpima kwa kifo chake pekee, kama vile si haki kuutambua mpopi kwa petali zake pekee. Alikuwa mtu jasiri na mnyenyekevu mbele ya vitu vidogo. Unyenyekevu huo laiti angeupeleka pia mbele ya watu ambao nchi ilikuwa yao, huenda angegeuka ufukweni mwa Samia kama Thomson, na watu 50 wangerudi Rabai.

Nasi wanataaluma wa Kiswahili tuna deni. Kamusi zetu zinatosheka na neno kuvumwani kwa mimea ambayo wataalamu huigawa katika maelfu ya spishi, na mara nyingi neno hilohilo hubebeshwa vitu visivyo vya jamii moja. Kando ya mto Sio na mto Malaba wamo wazee wanaojua majina ya mimea kwa Kisamia, Kikhayo, Kimarachi na Kiteso. Istilahi zetu zitapata nguvu tukienda kwao na kuwauliza kabla hawajatutoka. Kuuliza si ujinga, na aliyekwisha kupita njia hii pasipo kuuliza ametuachia funzo la kutosha.